Fundi Meno na Skuta ya Rangi ya Krimu

Kwa miaka mingi Fundi Meno alikuwa akienda kazini kwa miguu. Jina hilo lilitokana na kazi yake. Alitengeneza meno ya bandia katika chumba kidogo nyuma ya zahanati ya meno, chumba chenye harufu ya plasta mbichi na nta ya moto, huku taya za plasta zikimchekea kutoka kwenye rafu tangu asubuhi hadi jioni. Alikuwa akikata vichochoro viwili, anamsalimia kinyozi, na tayari amefika.

Kisha zahanati ikahamia ng'ambo ya pili ya mji, kwenye jengo jipya juu ya kilima. Hapo ndipo shida ilipoanza. Foleni ya magari haikuwa na huruma. Alikuwa akifika kazini jua limeshapanda na shati limelowa mgongoni, na daktari, mama mpole sana, anamtazama tu bila kusema neno. Huko kutosema ndiko kulikomuuma.

"Nunua pikipiki," mkewe alimwambia asubuhi moja. Mke alikuwa mwalimu wa chekechea, na wakati huo alikuwa ameshika gundi mkono mmoja na tembo wa karatasi mkono wa pili. "Nimechoka kukuona unarudi umenuna kama umelishwa ndimu."

Hakujua amegusa wapi. Tangu ujana Fundi Meno aliota pikipiki kubwa nyeusi, tangi linang'aa kama kioo, mngurumo wa kuwatoa watu madirishani. Na mdogo wake alikuwa fundi pikipiki, mwenye gereji yake kando ya barabara kuu. Aliposikia habari hiyo alifuta mikono kwa tambara na kucheka.

"Kaka, hilo niachie mimi. Jumamosi tunakwenda dukani. Utarudi ukiwa mtu mwingine."

Jumamosi wakaenda. Mke naye akafuata, kwa maelezo kwamba anakwenda kulinda akili za watu zisipotee.

Pikipiki nyeusi ilikuwepo, tena nzuri kuliko ya ndotoni. Tatizo ni kwamba ndotoni Fundi Meno alikuwa mrefu. Hapa duniani alikuwa mfupi, mpana wa mabega na wa tumbo, mwenye miguu ambayo mkewe aliiita miguu ya stuli. Alipopanda, ncha za viatu tu ndizo zilizogusa chini, tena kwa zamu.

"Inama kidogo kushoto," mdogo wake akamwelekeza.

"Nikiinama nitafika chini."

Akabana klachi, akaingiza gia, akaachia. Pikipiki ikaruka kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, ikazima. Akarudia, ikazima tena. Mwishowe ikakubali, ikamzungusha uani vizuri kabisa, na uso wa Fundi Meno ukafunguka kwa furaha. Lakini kila safari ina kusimama. Alipofika pale walipokuwa wamesimama wenzake akashika breki, akashusha mguu kuitafuta ardhi, na ardhi hakuiona. Basi yeye na pikipiki wakaanza kulala pamoja, taratibu, kama watu waliokubaliana. Mdogo wake akadaka usukani. Mkewe akadaka shati. Hasara ikawa kifungo kimoja tu.

Muuzaji, mwanamke mrefu aliyevaa ovaroli ya bluu, hakucheka. Alisukuma skuta ya rangi ya krimu iliyokuwa pembeni, akaisimamisha mbele yake.

"Kaa hapa kwanza upumzike, baba."

Akakaa. Nyayo zote mbili zikatua chini, bapa, kama yuko jikoni kwake. Magoti yakakaa pamoja kwa adabu nyuma ya kinga pana ya mbele. Alikuwa amekaa apumzike, lakini dakika zilipita na hakuinuka.

"Gia zake ziko wapi?" akauliza.

"Haina gia za kuhangaika nazo wala klachi. Unavuta mafuta inaondoka, unashika breki inasimama."

"Na matope?"

"Yanaishia kwenye hiyo kinga. Suruali unaingia nayo kazini kama ulivyotoka nayo nyumbani."

Mdogo wake akaanza kuingiwa na wasiwasi. "Kaka, tafadhali usinitie aibu. Wateja wangu watasema nini? Hicho ni kiatu chenye magurudumu!"

Fundi Meno alikuwa akipapasa usukani. "Na ubaya wake?" akamuuliza muuzaji.

Yule mwanamke akafikiri kidogo. "Magurudumu ni madogo. Shimo ambalo pikipiki inalicheka, skuta italilia. Kwenye barabara mbovu uende polepole. Na kama kazi yako ni safari ndefu za porini, chukua hiyo nyeusi."

"Kazi yangu ni kwenda na kurudi."

"Basi umeshajijibu."

Fundi Meno aliitazama pikipiki nyeusi kwa muda, kama mtu anayemuaga mchumba aliyeposwa na mwingine. Halafu akaondoka na skuta.

Wiki ile mtaa mzima ulicheka. Mdogo wake alimwomba, akipita karibu na gereji, apite kwa kasi. Fundi Meno alijikaza kisabuni. Alikuwa akifika kazini mapema kuliko daktari, mkavu, shati limenyooka, na hilo lilimtosha.

Yaliyomkuta baadaye aliyataka mwenyewe, kwa majivuno. Jambo alilolisifia kuliko yote ni buti la skuta, ile nafasi ya kuwekea mizigo chini ya kiti. "Pikipiki yako ina kabati?" alimuuliza mdogo wake kila mara. Sasa kulikuwa na mwalimu mkuu mstaafu, bibi aliyewafundisha wote wawili shule ya msingi, na mpaka leo watu walimwita Mwalimu tu. Mjukuu wake alikuwa anaolewa, naye alitaka meno mapya ya juu ili acheke harusini bila kuziba mdomo kwa mkono. Kabla meno hayajakamilishwa hupangwa kwanza kwenye nta, mtu ayajaribu. Kwa kuwa Mwalimu alisumbuliwa na magoti na aliishi karibu na Fundi Meno, daktari akaagiza ampelekee nyumbani.

Fundi Meno akayatia kwenye kopo, kopo akalitia kwenye buti, akaondoka akipiga mluzi. Mchana ulikuwa wa jua kali. Na chini ya buti, kama alivyopaswa kukumbuka, kuna injini.

Alipofungua kopo mezani kwa Mwalimu, alitamani ardhi ipasuke. Meno yalikuwa yameegemeana kama walevi wanaorudi nyumbani. Moja la mbele lilikuwa limegeuka kabisa, linatazama nyuma.

Mwalimu akavaa miwani. Akainama, akaangalia kwa makini.

"Haya ndiyo nitakayochekea harusini?"

"Samahani sana, Mwalimu. Joto la skuta…"

"Somo la nta na joto nililifundisha mimi mwenyewe. Siku hiyo hukuja?"

"Nilikuja, Mwalimu. Nilikaa nyuma."

Bibi akacheka, akacheka kwa ufizi mtupu mpaka akashika ukingo wa meza, na Fundi Meno naye akashindwa kujizuia. Alikwenda kuyapanga upya, na safari ya pili kopo lilining'inia kwenye ndoano ya mbele, katikati ya magoti yake, linapigwa na upepo. Meno yakafika yamesimama mstari kama wanafunzi wa zamani.

Habari hazina mguu lakini hutembea. "Hata meno yameikataa skuta!" mdogo wake alimtangazia kila aliyeleta pikipiki kuziba pancha.

Asubuhi ya harusi ikafika. Mwalimu alitakiwa apelekwe zahanati avalishwe meno yaliyokwisha, kisha arudi kujiandaa. Lakini mafundi wa mabomba walikuwa wameichimba barabara ya mtaa, na gari lililotumwa kumchukua likakwama mbali, haliwezi kuja wala kugeuka. Mjukuu akampigia Fundi Meno simu. Mdogo mtu, aliyekuwa karibu akasikia simu hiyo, akadandia pikipiki yake na kuwahi kufika.

"Panda, Mwalimu, nikurushe mara moja!"

Mwalimu akakitazama kile kiti, kilichofika kiunoni kwake. "Mwanangu, mimi kupanda miti nimeacha."

Skuta ikafika nyuma yake, pole pole. Mwalimu akavaa helmeti, akamshika Fundi Meno bega, akajisogeza kidogo tu, na tayari ameketi. Wakaondoka mwendo wa harusi kweli, mdogo mtu ametangulia kuwasafishia njia, na Mwalimu akisoma barabara kwa sauti ya darasani: "Shimo! Shimo jingine! Kushoto! Vizuri sana, endelea!" Wachimbaji waliacha sururu zao, wakapiga makofi.

Jioni bibi alicheka ukumbini kwa meno yote. Picha zote ziko hivyo. Alipomwona fundi pikipiki akamwita mbele ya meza nzima, akamwambia akitaka kubeba watu wa rika lake afunge ngazi kwenye ile pikipiki. Mdogo mtu akainamisha kichwa akicheka, akasema, "Nimekubali, Mwalimu. Kaka, nimekubali."

Siku hizi, kwenye gereji yake, kona moja ni ya skuta tu.

Fundi Meno angekuwa na raha kamili kama si mkewe. Yule mama alijifunza kuendesha kwa alasiri moja, akiwa na sketi yake, na akagundua kwamba chekechea iko njiani kuelekea kilimani. Sasa asubuhi ni mashindano ya nani awahi ufunguo. Fundi Meno huamka mapema, huoga haraka, hunywa chai akiwa amesimama, hutoka mlangoni kwa ushindi, na kumkuta mama watoto ameshakaa mbele, helmeti imefungwa, skuta inanguruma kwa upole.

"Panda, mume wangu, tunachelewa."

Naye hupanda nyuma, amekumbatia mkoba wa meno.