Chupa Ambazo Mashine ya Lado Haikuziona

Sikwenda Juba kutalii. Nilikwenda kwa sababu Poni, mke wa rafiki yangu Lado, alikuja karakanani kwangu Nakuru akaniambia mumewe amekwama. Lado alizaliwa Juba, vita vikamleta Kenya akiwa mdogo, tukasomea ufundi pamoja. Mkataba wa amani ulipotiwa saini alirudi kwao kufungua kiwanda kidogo cha maji ya chupa. Poni na watoto walibaki Nakuru wakingoja neno moja tu: mashine inafanya kazi, njooni.

"Anasema macho ya mashine hayaoni chupa," Poni aliniambia. "Shemeji, nenda umtazamie. Nishawaambia shuleni watoto wanahama."

Macho hayo ni sensa za mwanga. Nimezifunga katika viwanda vya maziwa, biskuti na sabuni, na kwa kawaida zikigoma ni uchafu au waya. Nilitia sensa chache mkobani nikaondoka, nikijua nitamaliza kazi mapema.

Kutoka Nakuru hadi Kampala nililala, na kutoka Kampala hadi Gulu nilikula. Baada ya mpaka wa Nimule lami iliisha na usingizi nao ukaisha. Kandokando ya barabara kulikuwa na mawe yaliyopakwa rangi nyekundu, alama ya mabomu ya ardhini. Utingo alituonya kwamba anayebanwa na haja ajisitiri nyuma ya basi, asithubutu kuingia kichakani. Vumbi lilitupaka sote rangi moja.

Juba tuliingia alasiri. Lado alinipokea amekonda, shati linamning'inia.

"Umezeeka, buda," akanitania.

"Na wewe umekuwa msumari," nikamjibu. Alicheka kidogo tu, akanipeleka kwake mtaa wa Hai Malakal.

Asubuhi tulichukua njia ya Rejaf. Kiwanda kilikuwa banda la mabati karibu na mto, na barabara ya udongo inapita mlangoni. Nilipoiona mashine, nilijua tatizo si uchafu wala waya. Lado alikuwa ameinunua Kenya, imeshatumika kwenye kiwanda cha maziwa. Aliijaribu hukohuko kwa chupa zao nyeupe, ikaenda vizuri, akaipakia kwenye lori na kuileta nyumbani.

Jicho la aina ile hutoa mwanga wake lenyewe, kisha hungoja urudi. Chupa nyeupe ikipita, mwanga huigonga na kurudi, jicho hujua chupa imefika, bomba hufunguka. Lakini chupa ya maji huonyesha hadi upande wa pili. Mwanga hupenya ukaenda zake, na jicho huona mahali patupu. Mashine haikuwa na ubovu wowote. Ningefurahi sana kama ingekuwa mbovu.

"Sema tu," Lado alisema.

"Haioni kwa sababu hakuna cha kuona."

Alikaa juu ya kreti. Mwenye uwanja aliompangisha alikuwa amempa mpaka mwisho wa juma hilo aanze kazi au ahame; watu wa hoteli ya vyumba vya makontena walipataka mahali pale. Kuagiza sensa maalumu za chupa zinazoonyesha kungechukua miezi. Kujaza kwa mkono mkaguzi wa afya alishakataa.

Tulibandika karatasi za nembo kabla ya kujaza, ili mwanga upate cha kugonga. Maji ya kusuuzia yalizing'oa zote. Kisha nikafunga sensa ya aina nyingine niliyobeba, ile inayotuma mwanga kwenye kibao cha kuakisi upande wa pili na kuupokea tena. Chupa ikipita katikati hupunguza mwanga kidogo, nami nikaitega sensa ikamate huo upungufu mdogo. Chupa zikaanza kujaa. Lado akapiga kelele kama mtu aliyefunga goli, akatoa simu ampigie Poni.

"Ngoja kwanza," nikamwambia.

Lori likapita. Vumbi likatua kwenye kibao, mwanga ukapungua, na jicho likadhani chupa imefika. Bomba likafunguka, maji yakamwagika sakafuni. Tukafuta kibao. Lori jingine. Tukazungushia turubai, vumbi likaingia chini yake, nasi tukaiva kwa joto. Jioni tulikuwa tumesimama ndani ya maji. Nilitamani kulia.

Siku iliyofuata nilipata wazo la mwisho: chupa za buluu nzito. Hizo jicho la zamani lingeziona. Tulijaza chache, zikajaa bila kosa, tukazipeleka mtaa wa Malakia kwa Nakato, Mganda mwenye duka la vinywaji ambaye angekuwa mteja wa kwanza wa Lado.

Nakato aliiinua moja kuelekea juani, akaigeuza, akairudisha mezani.

"Mimi iko napenda wewe, Lado. Lakini watu ya hapa iko nainua chupa kwa jua kwanza. Moya, maji ya tanka, iko na matope. Kama haiko naona ndani, haiko nanunua."

"Lakini ni safi, mama."

"Mimi iko najua. Wao haiko najua."

Tulizirudisha chupa kwenye kreti. Maji ambayo mashine ingeyajaza, Juba isingeyanywa; na yale ambayo Juba ingeyanywa, mashine haikuyaona.

Mwisho wa juma mwenye uwanja alikuja na kufuli yake. Lado alinisindikiza kwenye basi. Nilimsihi turudi wote, karakanani kwangu hakosi kazi.

"Niishi tena kwa kitambulisho cha mkimbizi?" alisema. "Hapa ni kwetu. Nitaendesha tanka la maji. Poni mwambie wewe, mimi kwa simu sitaweza."

Safari ya kurudi siikumbuki vizuri.

Nakuru, nilimkuta Poni sebuleni, masanduku yamefungwa kamba, kuta hazina picha. Nilimweleza yote: mwanga unavyotoka, unavyorudi, unavyopenya. Nilieleza kwa ufasaha. Kama kuna nilichojifunza Juba, ni kwamba mtu anaweza kuijua sababu ya jambo kushindikana, kipande kwa kipande, na isimsaidie mtu yeyote.

Poni alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo anarudi?"

"Amekataa."

"Na sisi twende?"

"Hakusema mje."

Aliyatazama masanduku, akanitazama mimi. "Basi shemeji, niambie. Sasa tungoje nini?"