Vitu Walivyomwekea Mkaguzi Mezani

Asubuhi ile ukungu ulikuwa haujainuka bado, na nilipoingia darasa la pili nilikuta meza yangu imejaa vitu. Mguu wa kuku uliokauka. Kitambaa cheusi kilichofungwa fundo. Kichana kilichovunjika meno, manyoya ya ndege, kipande cha penseli, jiwe laini la mtoni. Vilikuwa vimepangwa kwa mstari ulionyooka, kama nilivyowafundisha watoto kupanga viatu. Wenyewe walikuwa wameshakaa.

"Nani kaweka hivi?"

Walinitazama kama watu wanaosubiri kitakachofuata.

Niseme ukweli: wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba nimerogwa. La pili, ambalo linanitia aibu zaidi, lilikuwa kwamba mkaguzi atavikuta.

Mimi si mwalimu aliyesomea chuoni. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi dukani kwa baba, Kasulu mjini, nikajifundisha kufundisha kwa vitabu vya mitumba na video za simu, mpaka shule moja upande wa Kitahana, kule Kibondo, ikakubali nijitolee. Mtu aliyejifundisha mwenyewe huishi na hofu kwamba kuna jambo dogo ambalo wote wanalijua isipokuwa yeye. Ubao naufuta, kisha naufuta tena. Andalio la somo nalirudia lote kwa sababu ya herufi iliyoinama. Kwa hiyo tulipoambiwa wakaguzi watafika (siku hizi jina lao ni wadhibiti ubora, ila huku hakuna anayewaita hivyo), nikawahubiria watoto kila siku: "Mkaguzi anakuja. Ataona kila kitu. Hata ulichokificha nyumbani atakijua."

Nilimaanisha madaftari. Wapo wanaoyaacha nyumbani, yakachanwa kuwashia moto.

Mwalimu wa darasa la kwanza, mama wa makamo aliyezaliwa kijiji hicho hicho, alichungulia mlangoni, akaiona meza, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Umewaambia nani anakuja?"

"Mkaguzi, madam."

"Hebu rudia, polepole."

"Mkaguzi."

"Wao wamesikia mwaguzi. Mpiga ramli! Hata kwa Kiha neno lake linakwenda humo humo. Wewe mtoto wa dukani, Kiha chako ni cha kupunguziana bei, utajuaje? Umewaambia anakuja mtu wa kufichua, na wao wamesalimisha mapema." Kisha kicheko kikamkauka. "Na kamchape wamepita hapa juzi juzi tu."

Kamchape nilikuwa nawajua kwa kusikia. Huitwa vijijini kufichua wachawi. Huingia nyumba kwa nyumba, wakachimba sakafu, na mwenye chochote hukitoa nje kabla hakijatolewa.

"Tazama madawati yako," akaniambia. "Nani hayupo?"

Hakuwepo binti anayekaa dirishani, anayelelewa na bibi yake. Kamchape walipopita, nyumba yao ndiyo iliyochimbwa kwa muda mrefu kuliko zote. Hawakupata kitu, lakini majirani walikuwa wameshaona ni nyumba gani. Tangu hapo hakuna aliyekwenda kuomba moto kwa yule bibi.

Baada ya masomo nikaenda kwao. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje kwa kamba ya mgomba. Majivu ya jikoni yalikuwa yamepoa, kuku hawapo, na uwanja umefagiwa kana kwamba hakuna aliyewahi kuishi pale. Nikapiga hodi kwenye nyumba tupu. Nyuma yake migomba ilisimama kimya, hakuna jani lililotikisika, lakini nilisikia mtu akipumua, karibu sana.

"Bibi, shikamoo. Mimi ni mwalimu. Watoto walinisikia vibaya, anayekuja ni mkaguzi wa shule tu."

Halafu sauti ya mtoto, kutoka ndani ya migomba:

"Bibi anauliza, anakuja na majembe?"

"Hapana. Anakuja na kalamu."

Wakanong'ona kwa Kiha. Sauti ikarudi:

"Bibi anasema hata wale walianza na kalamu. Waliandika majina kwanza."

Nikasikia majani makavu yakikanyagwa, yakielekea bondeni, na pumzi ile haikuwepo tena.

Siku ya ukaguzi mkaguzi alikuwa mama mfupi mwenye viatu vya tope na kikohozi. Watoto walisimama, wakaamkia, kisha wote kwa pamoja wakanyoosha mikono mbele na kufungua viganja, vitupu. Sikuwafundisha hilo. Walibaki hivyo, hawapepesi macho, mpaka yeye mwenyewe akarudi nyuma hatua moja.

"Mwalimu, hii ni nini?"

Nikamwambia yote. Nilijua nafukuzwa. Yeye akakaa kwenye dawati la watoto, magoti juu, akawatazama.

"Gari ni moja wilaya nzima, na mafuta ni ya kugombania," akasema. "Hawa hawajawahi kuniona tangu waandikishwe. Ningekuwa napita hapa kila mwezi wangekuwa wananiita shangazi, wananidai pipi."

Ninakiri kwamba kabla ya hapo dua yangu ilikuwa wasije kamwe. Walimu wengi wana dua hiyo. Lakini nikiwa nimesimama mbele ya viganja vile nilielewa kwamba mtu anayesubiriwa miaka bila kuja haachi nafasi tupu. Kitu kingine huingia na kukaa mahali pake. Nafikiri waje mara nyingi, waje hata bila la kukagua, mpaka tuchoke kuwaogopa.

"Nipelekeni kwa huyo bibi," akasema.

Mama wa darasa la kwanza akasimama mlangoni. "Madam, gari la serikali likisimama pale kwake, mtakuwa mmemmaliza. Watu watasema amefuatwa."

Basi tukaliacha gari shuleni, tukashuka kwa miguu, na tukaanza na nyumba ya kwanza njiani. Hodi. Maneno yalikuwa yale yale kila mlango: "Mimi ndiye mkaguzi. Nakagua walimu, sikagui watu. Mtoto wenu anasoma?" Walitoka na nyuso zilizofungwa. Kwenye nyumba moja mzee alimtazama juu mpaka chini, akasema, "Kumbe ni mtu tu! Basi anza na huyu kijana, ana wasiwasi kama kuku anayetafuta pa kutagia." Wakacheka, nami nikacheka, jasho likinitoka.

Bibi alikuwa amesimama uwanjani kwake, jembe limelala mkononi. Sijui nani alimwambia arudi. Mjukuu alikuwa nyuma ya gauni lake. Nyuma yetu majirani walikuwa wametufuata, wamesimama kando ya njia.

Mkaguzi akaamkia, akasema maneno yale yale, hakuongeza.

"Unakagua walimu," bibi akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na wewe unakaguliwa na nani?"

"Wapo, mama."

"Wanakuja?"

Mkaguzi akakohoa. "Hawaji."

Bibi aliitazama miguu ya mkaguzi, ile ya tope, wala hakutukaribisha. Tukaenda nyumba iliyofuata, na iliyofuata, mpaka dereva akaanza kupiga honi kule juu shuleni.

Asubuhi iliyofuata binti alikuja. Bibi alikuwa nyuma yake na jembe lake. Alinipita bila neno, akakaa dawati la mwisho, jembe chini ya miguu, akabaki hapo mpaka mapumziko. Tangu siku hiyo huja anapotaka. Hatoi taarifa. Kiswahili cha somo sijui anakielewa kiasi gani; hutazama mikono yangu, kisha midomo ya watoto, kisha sakafu. Sijawahi kumwogopa mtu darasani kama ninavyomwogopa, na sijawahi kufundisha vizuri zaidi.

Mkaguzi hajarudi. Bibi amekuja leo. Amechagua mahali anapoweza kumwona mjukuu wake na mlango kwa pamoja, nami nimefundisha nikiwa nimesogea ukutani, nisimzibie mlango.