Ramani iliponishusha kwa wakwe

Afadhali niwaelezee mimi mwenyewe, maana nikiwaachia watu wa kwetu wanaongeza chumvi, na hata bila chumvi hii habari inatosha kunifanya nifunike uso na kitenge. Ni habari ya siku ya dot, siku tuliyopeleka mahari ya mdogo wangu Espoir, na mimi nilijipa kazi ya kuonyesha njia bila kuombwa na mtu yeyote.

Mimi nauza vitenge hapa Nyawera, ni mtoto wa kwanza kwetu, na tangu baba afariki mambo ya wadogo zangu yananiangukia. Mara ya kwanza tulipopangiwa kwenda kumwomba Solange, mchumba wa Espoir, tulichelewa, na baba yake, muzee mmoja mpole wa sauti lakini mgumu wa neno, alifunga mlango na kututumia ujumbe tukiwa bado njiani kwamba wenye haraka ya kuoa hawachelewi. Akatupa siku nyingine, na Solange mwenyewe akatuonya kwamba ya tatu haitakuwepo. Kwa hiyo niliapa mara hii tunafika kwa saa, hata kama ni kutambaa.

Asubuhi ile internet ikakatika mji mzima, kama inavyokuwa, na simu za kawaida nazo zikawa za kubahatisha. Watu wa kwetu wakaanza kuhangaika, mimi nikacheka. Jana yake nilikuwa nimeshusha ramani ya Bukavu yote ndani ya simu yangu, ile inayofanya kazi bila internet, na Solange alishanitumia alama ya nyumba yao kule Kadutu, nikaiweka juu yake. Espoir ndiye peke yake aliyeijua nyumba, lakini desturi inamtaka bwana-arusi abaki nyumbani mpaka aitwe. Basi macho yote kwangu (na mimi nilipenda, siwafichi).

Mvua ilikuwa imenyesha, na tulipofika kwenye mpando kamio moja, lori la mizigo, lilikuwa limelala katikati ya barabara, minibisi yetu haina pa kupita. Nikasema tushuke, tuende kwa mguu, ramani inaonyesha kinjia kinachokata mlima moja kwa moja. Tonton Déo, mdogo wa baba, msemaji wetu siku ile, akaangalia suti yake, akaangalia matope, akawaonyesha kwa kidevu wamama waliokuwa wanauza makaa pembeni.

“Noëlla, tuulize kwanza hawa bamaman.”

“Tonton, ya kuuliza nini? Iko hapa. Ramani haidanganyake.”

Kila kitu kilianzia hapo.

Kinjia kweli kilikuwepo, zamani. Lakini mnajua Bukavu, mahali palipokuwa na njia mwaka huu, mwaka ujao mtu ameshasimamisha nyumba, na simu yangu haikuwa na habari hiyo. Tukakuta ukuta, tukauzunguka, tukaingia katika palisele ya watu, uani kwao, tukapita chini ya nguo zilizoanikwa, tonton na suti yake, binamu zangu na makasha ya bia kichwani, mbuzi wa zawadi akivutwa kwa kamba, wanawake wetu wakibeba vikapu, na maman mmoja aliyekuwa anaosha masufuria akatuambia hapa hapana njia. Nikamwonyesha simu (kweli, nilimwonyesha). Akaiangalia, akaangalia viatu vyangu vya kisigino, akarudi kwa masufuria yake.

Mwishowe simu ikatamka kwa Kifaransa, sauti ya bibi mstaarabu, kwamba tumefika. Mbele yetu hapakuwa na kitu. Ila chini, moja kwa moja chini ya miguu yetu, palikuwa na paa la mabati, na karibu yake bâche ya bluu, turubai lililofungwa juu ya viti kwa ajili ya wageni, na wanawake wakijaribisha wimbo wa kutupokea. Nyumba ilikuwa pale pale. Kosa ni kwamba sisi tulikuwa juu yake.

Tonton akasema turudi, tuzunguke. Mimi nikaangalia saa, nikaona ule mlango ukifungwa mara ya pili, nikaona na kitu kama nyayo za mbuzi zinazoteremka. Nikavua viatu, nikavishika mkono mmoja, simu mkono mwingine, na hapo mnaona wenyewe kwamba mkono wa kujishikilia haukubaki.

Niliteremka kwa makalio. Nikadaka kamba ya bâche, kamba ikakubali kuja na mimi, na yale maji yote ya mvua yaliyokuwa yamejikusanya juu yake yakamwagika kwenye viti vya mbele, ambako walikuwa wameketi wazee. Nikaishia kati ya viti viwili, nimekaa chini, simu nimeiinua juu isivunjike.

Wimbo ukanyamaza. Baba yake Solange akavua kofia, akamwaga maji yaliyokuwa ndani, akaniuliza polepole:

“Muko banani?”

Ninyi ni nani: ndilo swali alilopaswa kutuuliza mlangoni. Nikajibu pale chini kwamba sisi njo watu ba Espoir, na kila mtu akainua macho, akaona ukoo wetu mzima umejipanga ukingoni na vikapu na mbuzi, wakituchungulia.

Shangazi mmoja wa Solange akasema wakwe wanaotokea mgongoni mwa nyumba ni wezi, hawakuja kuomba binti. Wengine wakaitika. Hapo machozi yakanikaribia, kwa sababu aibu yangu nilishaizoea, lakini niliona ndoa ya mdogo wangu inakwenda na yale maji. Nikapiga magoti katika matope.

“Papa, kosa iko yangu peke yangu. Tonton alisema tuulize, nikakatala. Musimuhesabie Espoir. Mutuache tuzunguke, tupige hodi ku mulango.”

Akakamua mkono wa koti.

“Muende. Tutabangojea mpaka tukauke.”

Mama yake Solange akanifunga kitenge juu ya matope, wakanitoa kwa mlango wa pembeni. Watu wetu walizunguka wakiuliza kila kona, wakanikuta barabarani. Tonton akanishauri nikakae ndani ya minibisi ili maneno yaanze safi. Nikakataa. Nilitoka Nyawera kumwombea mdogo wangu bibi, na nitamwomba, hata nikinuka udongo. Nikagonga mimi mwenyewe.

Wakatuuliza tena sisi ni nani, tonton akajibu vizuri sana. Kisha yule muzee akauliza kutoka ndani, kama desturi inavyotaka, safari ilikuwa namna gani. Tonton, ambaye hajawahi kukosa neno, akanigeukia.

“Papa,” nikasema, “mwisho wake njo ulikuwa mbio kidogo.”

Halafu nikasikia mtu anacheka nyuma ya mlango, kicheko cha mtu mzima anayejizuia na kushindwa, na alikuwa yeye. Mlango ukafunguka.

Solange ni wetu sasa. Ramani sijaifuta, bado inanifikisha mbali bila internet, na nitaendelea kuitumia. Ila ikiniambia nimefika, nasimama, natafuta mtu wa karibu, na namuuliza bila haya mlango uko wapi.