Shikamoo Kutoka kwa Kompyuta

Mwaka 1973 Apolonia alikuwa akitoboa kadi za kompyuta, kila tundu likiwa agizo kwa mashine, katika ofisi ya chama cha wakulima, Mbeya mjini. Kompyuta yenyewe ilikuwa Dar es Salaam. Kadi zilipanda basi, na barua za wakulima zilizochapwa zikarudi baada ya wiki kadhaa.

Mashine haina adabu. Ukitaka isalimie watu, uifundishe. Apolonia aliiagiza ichukue jina la kila mkulima na kutazama umri wake. Akiwa mtu mzima, iandike “Shikamoo”. Akiwa kijana, iandike “Habari za shamba”.

Kadi zikiwa Dar, mama yake, Benedicta, mkulima wa Igowole, akafariki. Apolonia alikwenda kuzika, akanyolewa nywele, akarudi kazini. Hakulia. Watu walishangaa, na washangae.

Barua zikafika. Akazikagua moja moja, mpaka akakuta: “Shikamoo, Mama Benedicta. Mahindi yanaendeleaje?”

“Kuna kosa?” aliuliza mkubwa wake, Mzee Timotheo.

“Hakuna, mzee. Imefanya nilivyoiagiza.”

Akaikunja, akaitia katika mfuko wa barua za Igowole, akachukua inayofuata.