Kijiko Kimoja cha Chai

Mjukuu wangu alikuwa na mwaka na nusu na meno kumi na mawili. Nilikuwa nayahesabu kila asubuhi akiletwa kwangu, kwa sababu mama yake, mke wa mwanangu, anafanya kazi hotelini Shelly Beach, na mimi ndiye niliyekuwa nikikaa naye hapa Likoni hadi alasiri. Siku moja alicheka, nikaona mstari mweusi umepita kwenye meno ya mbele, karibu na ufizi.

"Ndoo nikutizame," nikamwambia. "Meno haya yamengiwa ni nini?"

Nilisugua kwa kitambaa chenye chumvi, weusi haukutoka. Nilikwangua kwa ukucha, akaning'ata, na alikuwa na haki. Mimi jambo nisilolijua hunikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilishuku maji ya kisima, nikashuku tende, kisha nikajicheka, maana tende watoto wetu wote wamekua nazo.

Mama yake alipokuja kumchukua, nilimwonyesha. Aliyatazama meno ya mtoto, kisha akakitazama kijaluba changu cha tambuu. Naitafuna tangu ujanani, na meno yangu yanalisema hilo bila kuulizwa.

"Mama, samahani," akasema, "hajawahi kuonja hiyo tambuu yako?"

"Wallahi sijampa! Mtoto mdogo hivi nimtafunishe tambuu, nina wazimu?"

Hakubishana nami. Kesho yake hakumleta mtoto, wala kesho kutwa. Mwanangu alinipigia simu, akazungukazunguka weee, mwishowe akasema mtoto atakaa kwa jirani yao siku chache, mpaka ijulikane. Niliumia sana. Nyumba ilikuwa kimya hata nikachukia mlio wa friji. Halafu hasira zikanipanda: haya basi, na ijulikane!

Nikaanza kupekua kila kitu alichotumia mtoto. Ndani ya bilauri yake ndogo nilikuta duara jeusi, nikalisugua kwa sabuni na mchanga, likakataa kutoka. Bilauri ile ndiyo niliyokuwa nikimpa dawa. Mwezi mmoja kabla ya hapo kliniki walikuwa wamesema damu yake iko chini, wakampa dawa ya maji ya kuongeza damu, na mama yake akanipigia simu kutoka kazini kunielekeza.

"Mama, hiyo dawa unampatia kijiko moja ya chai kila asubuhi."

"Kijiko kimoja cha chai, mwanangu," nikamrekebisha. Kwao ni bara, na sisi wa huku ngeli ikianguka hatuwezi kuiruka tukapita.

"Ndio, Mama," akasema, akakata simu.

Basi kila asubuhi nikawa nachemsha chai ya rangi, nakoroga humo dawa kijiko kimoja, anakunywa kidogo kidogo. Kwangu mimi vijiko ni vikubwa na vidogo. Nikisikia dawa na nikisikia chai, naelewa kuwa dawa hutiwa kwenye chai.

Sasa nikaweka bilauri mbili mezani, moja ya maji na moja ya chai ya rangi, nikatia dawa kote kuwili. Maji yakawa ya kahawia tu. Chai iligeuka palepale, ikawa nyeusi tii kama wino. Mwezi mzima nilidhani weusi ule ni wa dawa yenyewe! Nilistaajabu hata nikarudia kwa tone moja, nione linavyotawanya weusi. Nilipomaliza kustaajabu ndipo nilipokaa kitini: aliyemnywesha weusi ule ni mimi.

Ningeweza kuimwaga ile chai nikanyamaza, nani angejua? Lakini nilikuwa na mashaka na ile damu ya mtoto, huenda dawa iliyogeuka wino haikuiongeza. Nikajitanda buibui, nikaenda kwao, nikaeleza yote, mwanangu na mkewe wakinisikiliza.

"Tumetoka kliniki leo," mkewe akasema. "Daktari wa meno amesema ni rangi ya juu tu, itatoka. Lakini damu haijapanda hata kidogo. Wameniuliza kama tunampa dawa na chai, juu chai inaizuia kufanya kazi. Nikawaambia hapana, Mama anajua."

Nilitamani anitukane.

"Kijiko cha chai ni kile kidogo cha kukorogea," akaendelea. "Ni cha kupimia tu. Siku ile nilitaka kukuambia, lakini ulikuwa ushanirekebisha, nikaona haya kuongeza neno."

Miaka mitatu nilikuwa nikijisifu kwa majirani kuwa nimepata mkazamwana mpole, asiye na maneno mengi. Kumbe maneno alikuwa nayo, ila alikuwa akiniogopa. Nilimwomba radhi hapo hapo, mbele ya mume wake, na sikumbuki mara ya mwisho nilipomwomba mtu radhi. Kisha nikamwambia anielekeze upya, tangu mwanzo.

Alinitazama kwanza, kama anayepima kina cha maji. "Kesho nikimleta," akasema, "dawa utampatia na maji ya machungwa, sio chai. Halafu umsugue meno na mswaki ndogo."

Mswaki ndogo. Niliuma ulimi.

"Nimesikia, mwanangu," nikasema. "Endelea."