Taa ya Kujiwasha

Mama alipohamia kwangu Nyakato kutoka Sengerema, nilikuwa nafanya kazi kwa zamu katika kiwanda cha mafuta ya mbegu za pamba. Zamu ya mchana ilinitesa. Giza likianza kuingia, mikono ilikuwa kwenye mashine lakini mawazo yote yako nyumbani, maana nilijua mama amekaa gizani. Alipofika tu aligusa swichi kwa mkono uliolowa, akapigwa shoti, na tangu hapo hakuikaribia. Taa ya chemli nilimkataza mwenyewe. Macho yake yalishaanza kuingia ukungu.

Enzi hizo biashara ilikuwa imefunguliwa, na maduka ya mjini yalijaa vitu ambavyo zamani hatukuviota. Binamu yangu, aliyekuwa akifuata bidhaa Dubai, akaniletea kidude cheusi chenye kijicho cha kioo.

"Dada, giza likiingia taa inajiwasha. Kukikucha inajizima. Mama hagusi kitu."

Fundi wa mtaani akaunganisha nyaya. Mahali pa kukiweka nilichagua mimi: ukutani sebuleni, chini kidogo ya balbu.

Jioni tukakaa kusubiri. Nilikuwa nainuka, nachungulia dirishani, nakaa, nainuka tena. Mara taa ikawaka. Mama akapiga makofi, na kabla hajamaliza ikazimika. Ikawaka. Ikazimika.

"Mwanangu, hiki kitu kina pepo?"

"Hapana mama, nadhani ni kibovu."

"Basi kitoe, kichwa kinaniuma."

Nikapanda kwenye stuli nikakifunika kwa kiganja ili nikikague. Taa ikatulia, ikawaka moja kwa moja. Nikaondoa mkono, ikazimika. Hapo nikacheka peke yangu. Kidude kilikuwa kinaona mwanga wa balbu ile ile kinayoiwasha, kikadhani kumekucha! Kesho yake fundi akakihamishia nje, upenuni, na taa ikaacha kuchezacheza.

Siku ya kwanza niliyorudi kutoka zamu baada ya hapo, nilitembea haraka mpaka nikajikuta nakimbia. Dirisha letu niliona linang'aa tangu mbali. Lakini mama alikuwa nje, amekaa kwenye mkeka, mwanga uko mgongoni kwake.

"Shikamoo mama. Mbona uko nje? Taa haikuwaka?"

"Marahaba. Imewaka vizuri. Nimekaa nayo nikachoka." Akasogea anipishe. "Haijui kuongea hiyo, mwanangu. Bora nikae hapa nisikilize miguu yako."

Nikavua viatu, nikakaa kando yake. Usiku ule usingizi haukunijia vizuri. Asubuhi nikamfuata msimamizi kuomba zamu ya asubuhi. Akanizungusha. Nikarudi, akanizungusha tena, na mimi sikukoma kumfuata mpaka akachoka, akanibadilishia.

Jioni ya kwanza ya zamu mpya tuliyokaa sote nyumbani, taa ilijiwasha tukiwa tunachambua dagaa, mama akinisimulia ugomvi wa majirani zake wa Sengerema, na hakuna kati yetu aliyeinua kichwa.