Siku Baba Alipojiona Abrahamu

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka vizuri kuliko mahali nilipoweka miwani yangu asubuhi hii. Ni siku wageni walipokuja kwetu Gatuanyaga kuniposa, na baba yangu akaamua kuwarudisha kwao kwa Biblia.

Kwanza ujue nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani, na nyumbani nikakaa. Wenzangu walikimbilia Nairobi. Mimi nikitumwa sokoni Thika, kabla jua halijageuka nilikuwa nishaanza kuwawaza mbuzi wetu. Hata leo hapa Kiuu, safari ninayoipenda ni ya kutoka jikoni mpaka kwenye kiti changu. Sasa mtu kama huyo ndiye aliyempenda kijana wa Bungoma, huko mbali magharibi, kwa watu wa lugha nyingine. Cheka tu, hata mimi hucheka.

Kijana mwenyewe aliitwa Wafula, fundi wa pampu za maji kwenye mashamba ya mananasi ya jirani. Tulikutana kwenye kwaya. Yeye aliimba besi, mimi niliimba chochote kilichokuwa karibu.

Baba, Mzee Kimani, alikuwa mzee wa kanisa. Kwetu chakula hakikuguswa kabla ya Neno kusomwa, na aliyesoma ni yeye. Akishafunga Biblia, jambo limefungwa pamoja nayo. Hata mama hakuwahi kuuliza swali baada ya jalada kushuka.

Siku hiyo Wafula alikuja na wazee wawili wa kwao na mama yake, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Walikuwa wamesafiri usiku kucha, na kuku wa zawadi amefungwa miguu pale mlangoni, akitutazama kama anayejua mwisho wake. Baba naye alikuwa amemwalika mchungaji wetu, Mchungaji Mwaura, ili kikao kiwe na uzito. Mchungaji alikuwa ametoka chuo cha theolojia juzijuzi, na watu walimwogopa kidogo. Ilisemekana huko chuoni wanachambua Biblia mpaka linabaki jalada.

Mimi nilikuwa mlangoni na sufuria ya njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, nikijifanya ninahudumu.

Baba akavaa miwani, akafungua kitabu cha Mwanzo, pale Abrahamu anapomwapisha mtumishi wake kwamba asije akamwoza mwanawe Isaka binti wa Wakanaani. Akasoma polepole. Akafunga.

"Neno ni fupi, na mmelisikia," akasema. "Karibuni chai, halafu tutawasindikiza."

Wafula aliangalia viatu vyake kama vya kuazima. Sufuria ilinichoma vidole na sikuiweka chini. Nilijua maisha yangu yamefungwa ndani ya kile kitabu, na hakuna wa kukifungua.

Mama Wafula ndiye aliyeanza. "Samahani, Baba Njeri. Wakanaani ndio sisi?"

Baba akakohoa. Mchungaji akasogeza kiti. "Mzee Kimani, hiyo sura bado inaendelea."

"Ni ndefu, Mchungaji. Chakula kitapoa."

"Tutapasha."

Basi baba akalazimika kufungua, akasoma sura yote, na ni ndefu kweli. Akasoma vile mtumishi alivyosafiri na ngamia, vile alivyoomba pale kisimani, vile Rebeka alivyowatekea ngamia maji mpaka wakatosheka.

"Ngamia wote hao!" mama Wafula akaguna. "Huyo msichana alikuwa na mgongo."

Baba alipomaliza, Mchungaji akamuuliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. "Huyu aliyemwapisha mtumishi alikuwa anaishi wapi?"

"Kanaani."

"Ni kwao?"

"La. Alihamia."

"Na hawa wanaokuja kuomba msichana wametoka wapi?"

"Mbali."

"Wamebeba nini?"

Baba akamwangalia kuku. "Zawadi," akasema, na sauti ikashuka.

"Sasa Mzee, katika habari hii wewe ni nani?"

Nilimwonea baba huruma. Maisha yake yote alipofungua Mwanzo alikuwa Abrahamu. Saa hiyo, mbele ya wageni, aligundua kwamba yeye ni Bethueli, baba ya msichana, ambaye hata maneno hakupewa mengi.

Wafula akaruka kutoka kitini. "Mmeona! Biblia yenyewe imesema nimchukue!"

"Keti, kijana," Mchungaji akamwambia. "Haijasema. Habari hii haikuandikwa ili fundi wa pampu apate mke. Inaeleza vile Mungu alivyoilinda ahadi yake kwa nyumba ya Abrahamu, na yule mzee aliogopa nyumba yake isije ikafuata miungu ya wenyeji. Wewe unaabudu nani?"

"Yule yule wa Mzee."

"Basi Ukanaani umekosekana hapa. Lakini ruhusa yako pia haimo humu. Utaiomba kwa mdomo wako."

Mimi nikaona zamu yangu imefika. Kwa wiki nzima nilikuwa nimekariri maneno ya Ruthu, yale watu husomewa harusini, ya kwamba utakakokwenda nami nitakwenda. Nikaweka sufuria chini, nikamkazia Wafula macho, nikayatoa yote kwa sauti ya jukwaani.

"Vizuri sana, Njeri," Mchungaji akasema. "Ruthu alikuwa anamwambia nani?"

"Mume wake."

"Mume wake alikuwa ameshakufa. Alimwambia mama mkwe wake."

Mama Wafula akapiga paja. "Mimi nakubali! Twende zetu, binti yangu. Huyu abaki hapa na mananasi yake!"

Mwanangu, nyumba ilicheka. Baba alicheka mpaka akavua miwani akapangusa macho, na mimi nikatamani sufuria ile iwe kubwa niingie ndani.

Kicheko kilipoisha, Mchungaji akamgeukia baba, na sasa hakuwa na mzaha. "Mzee, sema kwa maneno yako. Shida ni nini?"

Baba akageuza Biblia mkononi mara kadhaa. "Bungoma ni mbali," akasema mwishoni. "Huyu mtoto akilala Thika kwa shangazi yake anarudi macho yamevimba. Akiugua huko, nani ataniambia?"

"Hilo ni jambo la kweli, na si dhambi. Liseme hivyohivyo. Usimtume Mungu akusemee woga wako."

Wafula sasa alijibu bila mstari wowote. Akasema amepata nyumba ya kupanga Ruiru, kwao tutaenda Krismasi, na mimi nikikumbuka mbuzi atanileta mwenyewe. Wazee wa kwao wakaitika.

Hapo baba akafanya kitu ambacho hakuwa amewahi kukifanya. Bila kuombwa na mtu, alifungua tena Biblia aliyokuwa ameshaifunga. Akatafuta pale Rebeka anapoitwa na kuulizwa kama anataka kwenda, akaweka kidole hapo, akaniangalia. "Na wewe? Unataka kwenda na huyu?"

"Nitaenda," nikasema. "Lakini Jumapili niwe narudi."

"Rebeka hakusema hivyo," baba akanung'unika.

"Rebeka hakuwa anahamia Ruiru," Mchungaji akajibu. Ndipo tukapasha njahi.

Sasa nisikilize. Siku hizi simu yangu inalia asubuhi na mapema, kila mtu ananitumia mstari. Mmoja umekatwa ili jirani aumie, mwingine ili mke anyamaze, mwingine ili mtu apate gari. Mimi si msomi, kidato cha nne kiliniacha pale kiliponikuta. Lakini mstari ukikufikia, usiumeze kama dawa. Uliza ni nani anasema, anamwambia nani, watu wale walikuwa wanaogopa nini, na kabla na baada ya hapo kumesemwa nini. Ukijikuta kila mara wewe ndiwe Abrahamu na wenzako ndio Wakanaani, rudi usome tena. Wala usiogope wanaouliza maswali ya chuoni. Swali la Mchungaji halikuipunguza Biblia ya baba hata ukurasa mmoja, ila lilimpunguza baba kidogo, na alihitaji. Na ukishajua kusoma, usiwapige wengine na ujuzi wako. Mchungaji alimwacha baba na heshima yake, ndiyo maana baba akaweza kuifungua tena.

Lililo lako liseme kama lako. Kama ni hofu, sema ni hofu. Kama ni upendo, sema ni upendo. Wafula wangu na mimi tumezeeka kwa desturi hiyo, na tunagombana vizuri sana.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho ya kusoma mpaka mwisho wa sura, akupe watu wa kukuuliza bila kukuaibisha, na moyo wa kucheka unapogundua umekosea. Nyumba yako iwe na wageni kutoka mbali, na wote wapate mahali pa kukaa.